Kwa Bi Mize, Mwenyeji Hayupo

Alkhamisi, tarehe 8 Novemba 1956. Tangu alfajiri vuli inanyunya, inakatika, inarudi. Saa nane mchana jua lilichomoza kidogo na mvuke ukapanda kutoka ardhini kama chungu kilichofunuliwa. Sasa kumepoa na manyunyu yamerudi.

Leo Mkaguzi alikuja hapa Kiembe Samaki kwa mama yangu, na nnataka kumwandika kabla sijaanza kumpamba. Mie darasa langu la nne, tena la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo yatakayokuwa yameandikwa vibaya ni yangu, si yake. Sitaandika kazaliwa wapi wala ni mtoto wa nani, maana hakuniambia na sikumuuliza, na ya barazani siyategemei. Jina lake nalijua. Siliandiki, kwa sababu karibuni niliandika jina la mtu kwenye karatasi na nimeona matokeo yake. Mtu huyo ni mama. Siku tisa alikuwa kitandani hataki kula, kwa karatasi niliyoiandika mimi, kwa maneno aliyonisomea yeye.

Mkaguzi amekaa chumba cha chini katika nyumba yetu ya Mkunazini, sisi tukikaa juu, miaka sita au saba. Kazi yake ilikuwa kutafuta mdudu mmoja. Ofisi moja ya mambo ya miti ilitaka kujua mdudu huyo anaishi wapi na wapi katika kisiwa hiki, kwenye miti ya namna gani, upande gani wa mti, basi wakamtoa yeye azunguke Unguja nzima. Mume wangu akimwita Mkaguzi wa Kunguni. Siku ya kwanza alimwambia ngazini, "Bwana, kunguni mbona wamejaa kitandani kwangu, kwa nini uende mpaka Makunduchi?" Mkaguzi akamjibu kwa utulivu kabisa kwamba wa kitandani wanajulikana.

Huyu wake ni wa ndani ya magome. Nimeshamwona mara nyingi, ndani ya chupa. Ni mdogo kama punje ya ufuta, bapa kidogo, rangi yake rangi ya gome, na macho yake ni makubwa mno, yamekutana katikati hata kichwa hakuna, macho tu. Hukaa chini ya gome linalobanduka, upande wa kivuli, akila vidudu vyeupe vyenye gamba vinavyonyonya mti. Hadhuru mtu wala mti. Ukibandua gome hakimbii papo hapo. Mkaguzi alisema anakutazama kwanza, kisha anaruka, na akisharuka ndiyo basi, humwoni tena. Alisema hivyo kama mtu anayezungumza habari za jirani, nami nikiwa nimesimama nyuma ya mlango wa juu wa ngazi nilijifunika kanga mpaka shingoni.

Kwa lugha yetu mdudu yule hana jina. Ofisini walikuwa na jina lao refu ambalo Mkaguzi hakuweza kulitamka na hakupenda kulitamka vibaya. Yeye akamwita mwenyeji. "Leo mwenyeji yupo," atasema akirudi jioni, viatu vimejaa udongo mwekundu. Au: "Nimezunguka mpaka Mkokotoni, mwenyeji hayupo." Wageni wetu wakidhani anakwenda kudai watu.

Zana zake zilikuwa kisu butu cha siagi, unyoya wa kuku, kioo cha kukuzia na chupa ndogo za dawa zilizotiwa spiriti. Kisu cha kubandulia, unyoya wa kumfagilia mwenyeji chupani. Chumba chake kilinuka spiriti na udi pamoja, kwa sababu akifukiza udi kila Ijumaa ili kuondoa harufu ya spiriti, na haikuondoka. Chupa zilipangwa dirishani, na asubuhi jua likizipiga vivuli vyake viliangukia ukuta wa pili, ndani ya kila kivuli kidoa kimoja cheusi. Niliingia mara moja tu kumpelekea uji alipougua. Nikageuza uso.

Alikuwa na mambo yasiyopatana. Waganga hakuwapenda. Bibi mmoja wa mtaani alipomletea hirizi ya kumlinda huko porini, alimrudishia kwa adabu akamwambia Mungu anatosha. Lakini mtu huyuhuyu hakubandua gome hata moja bila kubisha. Aligonga shina kwa kifundo cha kidole na kusema, "Hodi." Akasubiri. "Hodi." Akasubiri. Ya tatu akiisha kuisema na hakuna jibu, ndipo alipotoa kisu. Mume wangu alimuuliza, mbona kwenye nyumba ya mtu ukipiga hodi tatu usijibiwe unakwenda zako, na wewe kwenye mti usipojibiwa ndiyo unaingia? Mkaguzi akasema, "Nyumba ya mtu nabisha ili nijibiwe. Hapa nabisha ili nisijibiwe."

Katika soko la samaki la Mkokotoni walimjua kwa hodi zake. Kuna mama mmoja muuza pweza, akimwona tu anateremka kwenye gari la abiria atamwita kwa sauti, "Mkaguzi, njoo unikague na mie, gome limenibanduka kisigino!" Naye atavua kofia, aulize hali za watoto, apite. Alinisimulia mwenyewe, na akicheka kwa pumzi bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka.

Lakini la Makunduchi alilisimulia mara moja tu, na hakucheka. Kulikuwa na mfenesi mkongwe nyuma ya makaburi, mahali pa mawe matupu, adhuhuri, watu wote wako msikitini au mashambani. Akagonga. Hodi ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu akajibiwa, "Karibu." Sauti ya mwanamke, alisema, si kali, sauti ya mtu aliyeshughulika na kazi asiyetaka kunyanyuka. Akazunguka shina. Hakuna mtu. Akaangalia juu, akaangalia baina ya makaburi. Alisimama hapo mpaka jasho likakauka mwilini, kisha akatia kisu mfukoni na kwenda zake. Katika daftari lake pale pa mfenesi huo hapana yupo wala hayupo, ni patupu. Mie nilimwambia huenda palikuwa na mtu akikata ukindu wa mikeka nyuma ya ukuta wa mawe, na sauti hupotoka mahali kama pale. Akasema huenda. Niandike kwa haki kwamba alikubali inawezekana. Na niandike pia kwamba alirudi Makunduchi mara nne baadaye na kila mara alipita njia nyingine.

Jambo alilokuwa na yakini nalo, na ofisi haikumkubalia, ni kwamba mwenyeji anafuata watu. Kwenye miti ya uani alimpata, kwenye mikungu ya kivuli sokoni, kwenye mizambarau ya nyumba zenye wapishi na moshi. Mikarafuu michanga hakumpata, mikongwe iliyo karibu na nyumba alimpata. Kulikuwa na shamba kaskazini lenye mwembe mkubwa uliojaa wenyeji hata akawa anachagua wa kutia chupani. Familia ile ikahama, nyumba ikawa gofu. Mwaka uliofuata alibandua mwembe ule kila upande, gome lilelile, kivuli kilekile, hakupata hata mmoja. "Wameondoka na watu," alisema. Bwana wa ofisini alisema ni moshi wa jikoni unaokuza vile vidudu vyeupe, moshi ukikatika chakula kinakwisha. Mie naona bwana wa ofisini ana hoja. Lakini Mkaguzi ndiye aliyesimama pale chini ya mwembe, si bwana yule.

Sasa habari ya karatasi. Mkaguzi aliandika kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mzuri kama wa msahafu, na ofisi ilitaka herufi za kizungu. Ndiyo akamwomba mume wangu, na mume wangu akanipa ruhusa. Kila mwisho wa mwezi Mkaguzi alikaa ngazini chini akisoma, mie juu nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo nikiandika. Sehemu alizitaja kama zinavyotajwa na kila mtu, kwa jina la mwenye uwanja. Kwa Mzee Haji, mkungu, mwenyeji yupo. Kwa Bi Riziki, mfenesi, mwenyeji hayupo. Nilizoea hata nikawa naandika bila ya kusikia.

Mwezi uliopita akasoma, "Kiembe Samaki, kwa Bi Mize, mzambarau, mwenyeji hayupo."

Mkono ulisimama. Hakujua kwamba Bi Mize ni mama yangu, tulikuwa hatujapata kulizungumza. Ningeweza kusema. Nimejiuliza siku hizi tisa kwa nini sikusema, na jibu nililonalo ni dogo na la aibu: niliona haya kumkatiza. Nikaandika.

Kosa langu la pili ndilo kubwa. Mwezi ule ofisi ilitaka nakala mbili, moja yao, moja ya masheha, ili kila sheha ajue miti yake ipi imekwisha kuangaliwa. Karatasi ilikuwa imebaki kidogo. Juu ya kila ukurasa hukaa maneno ya kichwa: Mdudu wa magome, mahali anapopatikana. Katika nakala ya masheha niliyaacha, na majina ya miti pia nikayaacha ili mistari ienee. Nilijiambia sheha anajua. Ikabaki orodha ya watu, na mbele ya kila mtu, mwenyeji yupo, mwenyeji hayupo.

Sheha wa huku alikuwa safarini. Karatasi ikapokewa na mtu mwingine, simlaumu, alisoma kilichoandikwa. Akawasomea watu barazani baada ya sala ya alasiri. Kwa fulani, mwenyeji yupo. Kwa fulani, mwenyeji yupo. Kwa Bi Mize, mwenyeji hayupo. Karatasi ya serikali, ina muhuri. Na mama ni mzee, anakaa peke yake, na siku mbili alikuwa hajaonekana kisimani kwa sababu ya mguu.

Wanawake wakaja na mikeka na birika la kahawa. Wa mbele ni jirani yake, Bi Tatu, mtu wanayegombana naye kila siku kwa ajili ya kuku. Aliingia uani kanga kichwani, analia kwa sauti. Mama alikuwa amekaa kibarazani na ungo wa mchele, anachagua mawe. Akanyanyua uso.

"Bi Tatu, kafa nani?"

Bi Tatu akanyamaza palepale. Akamtazama sana. Kisha akasema taratibu, "Wewe."

Waliokuwapo wanasema kila mtu alicheka baadaye, Bi Tatu mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Aliuliza imesemwa vipi. Wakamwambia. Akauliza nani kasema. Wakamwambia imeandikwa. Akauweka ungo chini, akaingia ndani, akalala.

Nilipofika kesho yake nikamkuta ameelekea ukutani. Anazungumza vizuri, akili zake zote anazo. Aliniuliza habari za mume wangu, akaniambia paa linavuja pembeni. Lakini ukimwita kwa jina haitiki. "Bi Mize!" watu wataita mlangoni, naye kimya, macho wazi. Nikamuuliza, mama, huwasikii? Akasema, "Nawasikia. Wanamwita Mize. Mize katafutwa na serikali, hakuonekana." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekwambia duka limefungwa.

Nikamweleza yote, mdudu, mti, karatasi, na kwamba mwandishi ni mimi. Ilikuwa vigumu kulisema hilo la mwisho. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza jambo moja, "Huyo mdudu, hayupo kweli?" Nikasema Mkaguzi ni mtu wa kweli, kama kasema hayupo, hayupo. "Na wewe umeniambia wanafuata watu," akasema, na akageukia ukuta. Hapo nikaona kwamba ukweli wangu umemdhuru kuliko karatasi.

Chai alikubali. Chakula hapana. Siku ya saba vidole vyake vilikuwa vyepesi mkononi mwangu kama njiti za ukindu. Mume wangu alipokuja kututazama nikamtuma arudi mjini akamwambie Mkaguzi. Nilifikiri, Mungu anisamehe, kumwomba aandike yupo, basi, uongo wa neno moja. Mume wangu aliporudi akasema alimwomba hasa hilo, na Mkaguzi alikataa, lakini amesema atakuja.

Leo amekuja kwa miguu kutoka barabarani, kwenye manyunyu, mfuko wake begani. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba, na ukiacha siku ile ya uji, ilikuwa mara ya kwanza kukaa naye pamoja bila mlango baina yetu. Nilimwona ni mtu mzima kuliko nilivyodhani. Hakuniuliza kwa nini sikumwambia siku ile. Alisema tu kwamba alilijua gome lile, alilitazama kwa makini, na atalitazama tena.

Mama alisikia sauti yake. Kikatoka kishindo chumbani, kisha namwona mlangoni, kashika mwimo, kanga kajifunga vibaya. "Nataka kuona nnavyotafutwa," akasema.

Nikamwekea kigoda. Mkaguzi akabisha hodi zake tatu kwenye mzambarau. Mti ukanyamaza. Alibandua taratibu, kipande kwa kipande, kila kipande akikiangalia chini kwa kioo, na kukirudisha alipokitoa akikibana kwa kidole kana kwamba kitashika. Alizunguka shina lote. Saa nzima ikapita, na nyingine. Mama hakupepesa macho. Hatimaye Mkaguzi akafuta kisu kwa kitambaa, na sote tukajua.

"Umeangalia wapi na wapi?" mama akauliza.

Akamwonyesha kwa mikono miwili. Kutoka hapa, gotini, mpaka hapa, kifuani.

"Na chini ya hapo?"

Mkaguzi akakifuta kisu mara ya pili. Maji yakidondoka kwenye majani.

"Nnakuuliza, bwana. Chini huko mizizini hapana gome?"

"Magoti, Bi Mize," akasema. "Hayakunjiki tena."

"Tangu lini?"

Nilimwona anahesabu, na nilimwona anafika mahali katika hesabu yake ambapo hakutaka kufika. Uso ulimshuka. "Tangu mwanzo," akasema. "Tangu nilipoianza kazi hii."

Miaka yote ile, kisiwa kizima, kila hayupo niliyoandika. Mama akamtazama, si kwa huruma, wala si kwa kebehi. "Basi inama leo," akamwambia. "Sisi tutakushika."

Tulimshika, mama mkono mmoja na mie mwingine, na sijui nani alikuwa mzito, aliyekuwa akishuka au aliyekuwa akishikilia. Alilala kifudifudi kwenye tope na kanzu yake, shavu limegusa ardhi, na akatia kisu chini ya gome la mzizi, upande ule wa jikoni. Akakaa hivyo muda mrefu hata nikaogopa. Kisha akasema kwa sauti ya ndani kabisa, "Msinipumulie."

"Nini?" nikasema.

"Ananitazama."

Mkono wake ulikuwa na unyoya, na chupa iko wazi kando. Hakuusogeza. Nikamnong'oneza, mtie, Mkaguzi, mtie chupani, maana sheria yake naijua, bila chupa hakuna yupo. Alijibu bila kugeuka, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejisomea daftari zima upya. "Wote nilioandika yupo, niliwatoa. Nilipokuwa nikikusomea ngazini walikuwa dirishani kwangu."

"Mwache," mama akasema. "Mwache mwenye nyumba nyumbani kwake."

Akakirudisha kipande cha gome mahali pake. Tulipomwinua nikapiga magoti mie, nikalibandua tena kidogo kwa kucha, nikaangalia kwa kioo chake. Naandika kwa haki: niliona gome. Niliona unyevu, na vidudu vyeupe viwili vitatu. Sikumwona yeye. Huenda alikuwa ameruka. Huenda Mkaguzi, baada ya miaka ya kukataa, alichoka kukataa. Uso wake haukunionyesha, na mie si mjuzi wa kusoma nyuso.

Aliketi kibarazani, tope mpaka kidevuni, akanitolea karatasi. Akasema niandike, kwa Bi Mize, mzambarau, mzizini, mwenyeji yupo. Na juu ya orodha yote ya miaka yote niandike kwamba kila hayupo iliyomo ni kutoka goti mpaka kifua tu, chini ya hapo Mkaguzi hakuangalia. Nikamwambia ofisi itamfukuza. Akasema kazi inakwisha mwezi ujao, na atahamia kaskazini kwa ndugu zake, basi wamfukuze upesi. Nikaandika. Hayupo niliiandika sikumtafuta, na yupo nimeiandika sikumwona, na mwandiko ni uleule.

Bi Tatu akapita kwenye ua kutafuta kuku wake, akaita kwa mazoea, "Bi Mize!"

"Naam," mama akasema, na akaongeza kwamba kuku wake hawapo huku, na wakiwapo watachinjwa.

Mkaguzi hakukubali kungoja chakula, alitaka kulipata gari la jioni. Mama alimfungia muhogo kwenye jani la mgomba ale njiani. Akaenda akichechemea, na hakuugonga mti wowote wa njiani, nilimtazama mpaka kona.

Usiku tulikula muhogo wa nazi na dagaa wa kukaanga. Mama alikula vipande viwili, akasema chumvi haikukolea, akaongeza cha tatu.